Kumi, mbili, sita: saa za mwanambuzi asiye na mama

Mwanambuzi aliyefiwa na mama, au aliyekataliwa naye, hunyonyeshwa kila baada ya saa nne kwa siku tatu za kwanza. Kwa hesabu ya saa zetu, ratiba hiyo haina haja ya kuandikwa popote: kumi, mbili, sita, halafu tena kumi, mbili, sita. Saa kumi alfajiri Nairobi bado ni giza, matatu za kwanza ndizo zinaanza kunguruma barabarani, na mtu mwenye msiba au aliyeachishwa kazi huwa macho saa hiyo kwa vyovyote, akitazama dari. Akiwa na mwanambuzi, angalau kuna chupa ya kupasha moto.

Naanza na chupa kwa sababu mazungumzo ya siku hizi kuhusu wanyama wachanga na faraja yamelalia upande wa macho. Watu hutumiana video za wanambuzi wakirukaruka juu ya mgongo wa kondoo, vifaranga wakisinzia kiganjani, ndama akilamba uso wa mtoto, na chini yake wanaandika kwamba hii ndiyo dawa ya mwaka mgumu. Dawa ipo, sikatai. Lakini inatafutwa mahali sipo. Anayeifuata huko hununua kiumbe kwa ajili ya huzuni ya wiki moja, kisha kiumbe kikifa akajikuta na huzuni ya pili juu ya ile ya kwanza.

Mwaka 1943 Konrad Lorenz, mtaalamu wa tabia za wanyama kutoka Austria, alieleza kinachotuyeyusha kwa viumbe wachanga: kichwa kikubwa kuliko mwili, paji pana, macho makubwa yaliyokaa chini usoni, mashavu ya mviringo, mwendo wa kuyumba. Umbo hilo humwamsha mlezi aliye ndani ya mtu, hata kama mtoto si wake wala si wa aina yake ya kiumbe. Maelezo hayo yanatosha kutuambia kwa nini tunasimama kutazama. Faraja inayodumu hayaielezi, kwa kuwa umbo lenyewe halidumu. Kifaranga ni mpira wa manyoya laini kwa siku kumi hivi. Kufikia wiki ya tatu ameota mbawa nusunusu, shingo iko wazi, miguu imerefuka, anafanana na kitu kilichookolewa motoni. Na bado anakudai malezi ya miezi mitano na ushee kabla ya yai la kwanza. Aliyemnunua kwa uzuri ameshamaliza faida yake, na deni ndilo kwanza linaanza.

Huzuni hula saa. Katika msiba wa Nairobi, watu hujaa nyumbani jioni kwa mikutano na michango, hufuata safari ya mazishi ushago, kisha hema hukunjwa, viti vya kukodi hurudishwa, na aliyefiwa hurejea jijini kwenye nyumba isiyo na sauti. Siku hazina tena mwanzo wala mwisho. Aliyepoteza kazi naye analijua hilo: Jumatatu yake imekaa kama Jumamosi. Kiumbe mchanga hurudisha saa hizo moja moja, kwa lazima. Hajui habari za msiba wala za kodi ya nyumba. Anajua saa kumi imefika. Kwa maoni yangu, faraja yote ya mifugo michanga imesimama juu ya ulazima huo, na ndiyo sababu haiwezi kupatikana kwa kutazama simu.

Mwaka 2020, Nairobi na viunga vyake vilipofungwa kuanzia tarehe 6 Aprili hadi Julai, wengi walikumbuka kuku. Kule Mwea shule moja ya kibinafsi iligeuza madarasa kuwa mabanda. Hesabu ya mayai na nyama ilizungumzwa kwa sauti. Ile nyingine, ya kuwa na kitu cha kuamkia, haikuzungumzwa sana. Wala jambo lenyewe si geni kwetu. Nyumba ya Kimaasai ina pembe yake ya kulaza ndama na wanambuzi, karibu na moto na karibu na wenye nyumba. Kiumbe mchanga kulala ndani na watu ni utaratibu wa zamani. Kipya ni kumweka kwenye gorofa ya nne asikojua mtu anakula nini.

Mwanambuzi ndiye mwenye masharti makali zaidi, kwa hiyo tumchukue yeye kwanza. Huzaliwa na kilo 2 hadi 4, baada ya mimba ya siku 150 hivi. Kumbembeleza kungoje. Futa kamasi puani na mdomoni, msugue kwa taulo kuukuu au gunia safi hadi akauke, chovya kitovu katika iodini ya asilimia 7 hadi 10 inayouzwa agroveti (duka la dawa za mifugo), kisha umweke kwenye ziwa la mama. Dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama aliyezaa, ndiyo inayoamua mengine yote. Mbuzi hampi mwanawe kingamwili akiwa tumboni jinsi mama wa binadamu afanyavyo. Zote huja na dang'a, na utumbo wa mwanambuzi mchanga huzipitisha kwa muda wa saa 24 tu, tena uwezo huo huanza kushuka baada ya saa chache za kwanza. Kadiria mililita 50 kwa kila kilo ya uzito ndani ya saa mbili za mwanzo. Mwenye kilo 3 atapata mililita 150, na kufikia kesho yake wakati kama huo awe amepata mililita 600 kwa jumla. Mama akiwa amekufa, tafuta mbuzi wa jirani aliyezaa leo au jana, au dang'a ya ng'ombe. Maziwa ya pakiti hushibisha lakini kingamwili hayana. Wengi wa wanambuzi wanaokufa siku ya tano kwa kuhara walikufa saa zile za kwanza. Habari tu ndizo zilizochelewa.

Halafu kuna baridi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai si usiku wa Mombasa. Kabla ya kumpa mwanambuzi chochote, tia kidole mdomoni mwake. Ulimi ukiwa wa baridi, weka chupa chini. Tumbo lililopoa halisagi, na maziwa yatakaa humo hadi kuchacha. Joto lake la kawaida, likipimwa mkunduni, ni nyuzi 38.5 hadi 40. Akiwa chini ya 37 apashwe moto kwanza, ndani ya katoni yenye chupa za maji moto zilizofungwa kitambaa, na anyonye baadaye. Kuna mtego hapa ambao hata wafugaji wazoefu hunaswa nao: mchanga aliyepita saa tano tangu kuzaliwa bila kunyonya, akiwa amelegea, ameshamaliza sukari ya mwilini. Ukimpasha moto hivyo hivyo anaweza kupatwa na degedege na kufa mikononi mwako. Huyo anataka glukosi ya daktari wa mifugo kabla ya joto.

Kosa la tatu, baada ya kukosesha dang'a na kumnyonyesha aliyepoa, ndilo linaloumiza zaidi, kwa sababu ni mapenzi yanayoua. Mtu mwenye huzuni humpakata mwanambuzi chali, kama mtoto wa binadamu, akamtia chupa mdomoni. Picha hupendeza. Lakini mbuzi hunyonya akiwa amesimama, shingo imenyooka mbele na juu kidogo, na mkao huo pamoja na kule kunyonya hufunga mfereji unaopeleka maziwa moja kwa moja kwenye tumbo la nne, linaloweza kuyasaga. Akilazwa chali, maziwa huingia mapafuni na kuleta nimonia, au huangukia tumbo la kwanza, lile la kucheua, ambalo halijaanza kazi, yakachacha na kumvimbisha. Kwa hiyo msimamishe chini, piga magoti karibu naye, shika chupa kimo cha chuchu ya mama yake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tundu la chuchu ya mpira liwe dogo: ukipindua chupa, maziwa yadondoke tone moja moja. Yakimwagika kama bomba atakabwa. Yawe na joto la nyuzi 38 au 39, kiasi cha kutosikia moto wala baridi ukiyadondoshea nyuma ya kifundo cha mkono.

Baada ya siku ya tatu, zamu ya saa sita usiku huondoka, na mlezi hulala. Kiasi cha siku nzima huwa asilimia 15 hadi 20 ya uzito, kikigawanywa mara nne au tano; kwa mwenye kilo 3 ni kama pakiti moja ya nusu lita. Kiasi hupanda na uzito, na mwezi wa pili atafika lita moja na kuzidi. Piga hesabu ya bei ya maziwa ya mtaani kwako kwa wiki nane au kumi kabla hujasema ndiyo. Faraja inayokatiza maziwa ya watoto nyumbani haitadumu.

Kuhusu nani ashike chupa, Nairobi ina somo ambalo halikutoka zizini. Daphne Sheldrick, aliyelea ndovu yatima kwa miaka mingi hadi kifo chake mwaka 2018, aliwahi kumlea ndama wa ndovu aitwaye Aisha kwa mikono yake peke yake. Alipoondoka kwa siku chache, Aisha alinyong'onyea akafa. Tangu hapo, katika kituo cha yatima kilicho ndani ya Mbuga ya Nairobi, walezi hupokezana, na anayelala na ndovu leo si yule wa jana. Mbuzi hashikamani na mtu kwa kiasi hicho, lakini kanuni inafaa, na inafaa zaidi mlezi akiwa ndiye mwenye majonzi. Mtu aliye katika huzuni ana siku atakazoshindwa kuamka. Awepo wa pili anayejua vipimo. Vilevile wanambuzi wawe wawili. Mmoja pekee hulia mchana kutwa, na akikua hujihesabu kuwa mtu. Dume aliyelelewa hivyo ni hatari: akiwa na miezi kadhaa na pembe, mchezo wa kusukumana vichwa uliochekesha jana humwangusha mtoto au nyanya leo. Wa kulea kwa chupa awe jike. Dume alelewe kundini.

Vifaranga ndio mlango wa wengi, kwa kuwa hupatikana kirahisi. Viwanda vya kuangua huwafunga katoni ya 100, na agroveti huwagawa kwa makumi. Kwa vifaranga 50, tengeneza bruda, yaani kizimba cha joto cha kulelea vifaranga, ya mviringo yenye kipenyo cha mita 1.2 kwa kadibodi au hadibodi yenye kimo cha sentimita 45. Pembe hazitakiwi kabisa: wakiona baridi au wakishtuka hurundikana kwenye pembe, na wa chini hukosa pumzi. Chini mwaga maranda ya mbao, unene wa sentimita 5 au zaidi. Gazeti juu ya maranda lisizidi siku mbili tatu, tena lisiwe lile la kung'aa, maana miguu hutereza, hupanuka kushoto na kulia, na wengine hawasimami tena. Joto la kimo cha kifaranga liwe nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, ukipunguza 3 hivi kila wiki hadi kufika 21. Bruda iwashwe saa kadhaa kabla hawajafika, si baada ya katoni kufunguliwa. Na katoni isiletwe kwa bodaboda bila kufunikwa dhidi ya upepo: safari ya nusu saa kwenye Thika Road inatosha kuwapoza wasipone.

Wengi hutumia jiko la makaa lililofunikwa kwa chungu au sufuria kuukuu, kwa sababu stima hupotea na taa ya joto hula tokeni. Jiko linafaa, kwa sharti la hewa. Makaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, na chumba kilichozibwa ili vifaranga wasione baridi ndicho kinachowalaza milele. Hiyo ni sababu ya kutoiweka bruda chumba cha kulala hata kama mtu anatamani kusikia milio yao usiku. Vifo vya jiko chumbani jijini vinajulikana vya kutosha.

Maji yaje kabla ya chakula, kwenye chombo chenye kina kidogo au chenye vijiwe ndani wasizame. Kifaranga huangulwa akiwa na akiba ya kiini tumboni, inayoweza kumpeleka hadi saa 72, ndiyo maana husafirishwa bila kula. Lakini kila saa anayokaa bila maji baada ya kufika humchosha. Kesho yake asubuhi shika kumi, uwapapase kifuko cha chini ya shingo. Kikiwa laini na kimejaa, ameonja. Kikiwa kitupu, hajakijua chombo, mchovye mdomo majini mwenyewe. Angalia pia makalio. Kinyesi kilichoganda huziba, na kifaranga hufa amejaa. Kifute kwa pamba na maji ya vuguvugu, usikivute.

Baada ya hapo kazi kubwa ni kukaa kimya na kuwatazama. Wakikusanyika chini ya joto wakilia kwa sauti ya juu, wana baridi. Wakikimbilia ukingoni midomo wazi, wana joto. Wakielemea upande mmoja wote, kuna upepo upande wa pili. Wakitawanyika sawasawa, wengine wakila na wengine wamejinyoosha kama waliopigwa, wako sawa. Robo saa ya kutazama hivyo mara nne kwa siku humtaka mtu azime mambo mengine kichwani, na naamini robo saa hizo zinamsaidia mwenye hofu kuliko kifaranga aliyewekwa kiganjani.

Lakini ijulikane kwamba baadhi watakufa. Hata bruda ikiwa nzuri, katika 50 mmoja au wawili wa wiki ya kwanza si ajabu. Wanaolelewa na kuku jike wakizurura uani bila ulinzi, mara nyingi zaidi ya nusu hawafiki miezi miwili: kuna mwewe, ambao anga ya Nairobi imejaa, kuna kunguru, paka, mvua ya Aprili, na ugonjwa wa Newcastle ambao wengine huuita kideri. Aliyefiwa akiambiwa mapema hesabu hiyo, kifaranga wa tatu kufa atamhuzunisha. Asipoambiwa, atajilaumu, na kujilaumu ndiko kulikokuwa kumejaa nyumbani tayari.

Chanjo inastahili neno. Ya ugonjwa wa Marek huchomwa kiwandani siku ya kwanza. Zile za magonjwa ya Gumboro na Newcastle hutiwa kwenye maji kuanzia wiki ya pili hivi, kwa tarehe atakazokupa aliyekuuzia. Maji ya mfereji wa jiji yana klorini, na klorini huiua chanjo hai. Tumia maji ya mvua au ya kisima, au koroga gramu 2.5 za unga wa maziwa yaliyoondolewa mafuta katika kila lita, ungoje nusu saa, kisha utie chanjo. Wanyime maji saa moja au mbili kabla, ili wainywe yote upesi, maana ikishachanganywa haina maisha marefu. Mara nyingi hata chupa ndogo ina dozi nyingi kuliko vifaranga wa mtu mmoja, kwa hiyo wafugaji wa mtaa mmoja huko Kayole au Githurai huinunua kwa kuchanga na kuitumia asubuhi moja. Mtu aliyejifungia nyumbani miezi miwili hulazimika kufungua mlango siku hiyo, kwa kuwa dozi zake ziko mkononi mwa jirani. Sijaona kundi la kuliwazana lenye kisingizio kizuri kuliko hicho.

Sungura ndiye wa kumpima mtu anayetaka uzuri pekee. Vitoto vyake huzaliwa uchi, vipofu, rangi ya kidole kilichovimba. Jike hubeba siku 31. Siku ya 28 mwekee sanduku la kuzalia lenye nyasi kavu, naye atanyonyoa manyoya ya kifua chake kulitandika. Kinachowapotosha watu ni kunyonyesha kwake: huingia sandukuni mara moja au mbili kwa siku, dakika tatu hadi tano, akatoka. Mtu mwenye huruma akimwona mama amekaa mbali siku nzima husema amewatupa watoto, akawatoa na kuwapa maziwa ya ng'ombe kwa sindano, nao hufa. Papasa tumbo la kitoto asubuhi. Likiwa la mviringo kama limemeza gololi, mama alikuja usiku ulipokuwa umelala. Kagua sanduku mara moja kwa siku, ukiwa umepaka mikono manyoya ya mama, utoe aliyekufa, ufunike wengine, uondoke. Jike akikosa maji au akisumbuliwa na mbwa anaweza kuwala watoto, na hilo si jambo la kumwonyesha mtoto wa binadamu aliyefiwa. Macho hufumbuka siku ya kumi hivi.

Ndama nitampita upesi, maana hahitaji tu nafasi bali pesa ya kulisha mama yake: dang'a lita 3.5 hadi 4 mapema iwezekanavyo kwa wa kilo 35 hadi 40, kisha mengine yote kama mwanambuzi kwa vipimo vikubwa. Vitoto vya nguruwe hukandamizwa na mama, hupungukiwa na madini ya chuma, na majirani wa Nairobi hawakubaliani juu yao.

Usafi sasa, kwa ukali kidogo. Kifaranga mzima kabisa kwa kumtazama anaweza kubeba vijidudu vya salmonela. Watoto wa chini ya miaka mitano wasiwabusu vifaranga wala wasile wakiwa wamewashika, na mikono ioshwe kwa sabuni, si kwa kupanguswa kwenye suruali. Ndama na wanambuzi wanaohara wana vijidudu vinavyomharisha mtu pia. Choa huruka kutoka ngozi ya ndama hadi shingo ya mtoto anayemkumbatia. Kondo la nyuma na maji ya uzazi visishikwe bila glavu, kwa hofu ya ugonjwa wa brusela, na mwanamke mjamzito akae mbali kabisa na mbuzi anayezaa, hata kama mbuzi ni wake. Maziwa ya mbuzi huyo yachemshwe. Ukizingatia haya yote, kumbatia utakavyo.

Kisha lipo lile ambalo video hukatika kabla ya kulionyesha. Mwanambuzi wa Machi ni nyama ya Desemba. Barabara ya kutoka bandani hufika machinjio ya Kiamaiko au Dagoretti, na familia iliyomlea kiumbe ili isahau kifo hujikuta inapanga kifo kingine. Sioni aibu yoyote hapo. Aibu ni kuficha. Siku ya kuzaliwa amueni nani atabaki kuwa mfugo wa maziwa au wa kuzaa, na nani atauzwa, na watoto waambiwe siku hiyo hiyo. Wanaobaki wapewe majina. Wengine waitwe kwa rangi zao. Mtoto wa miaka saba anaelewa mpango kuliko anavyoelewa banda lililokutwa tupu akirudi kutoka shule.

Nani asinunue? Anayekaa gorofani. Sheria ya kaunti ya mwaka 2015 kuhusu kilimo cha mjini inatambua ufugaji jijini, kwa masharti, lakini haimlazimishi mwenye ploti kuvumilia mbuzi kwenye ngazi. Asinunue pia anayeondoka saa kumi na moja alfajiri kurudi saa tatu usiku bila mtu nyumbani. Huyu aende kule wanyama waliko tayari. Kabete, Ruai, Ngong na Lang'ata kuna wafugaji ambao msimu wa kuzaa huwazidi nguvu, na mtu anayefika kila Jumamosi saa mbili kamili, akafagia, akabeba maji, akashika chupa ya zamu yake, hakataliwi mara nyingi. Siku hiyo ina saa yake, nayo inatosha. Mwenda bure si mkaa bure. Na yule ambaye wiki mbili sasa hali wala halali, au anawaza kujidhuru, mwanambuzi si mzigo wa kumpa: apige 1199, nambari ya bure ya Msalaba Mwekundu, au apelekwe hospitali. Mnyama atakuwepo baadaye.

Kumwachisha mwanambuzi huanza wiki ya nane, au akishafika mara mbili na nusu ya uzito wake wa kuzaliwa na ukimwona anakula nyasi na chakula kikavu kwa bidii. Ondoa kwanza chupa ya mchana, kwa siku nne. Kisha ya jioni. Ya alfajiri huwa ya mwisho, na ipunguzwe kwa kuongeza maji kidogo kidogo kwa wiki moja hadi mwenyewe aone haina maana. Atalia. Atasimama mlangoni saa kumi na kuita kwa usiku mbili au tatu, na majirani waambiwe mapema.